Domokaya Anageukia Ukuta

Ukimwona Domokaya anajikuna kichwa kwenye runinga, ujue anayemkuna ni mimi. Mkono wake wa kulia ni wangu. Kichwa, mdomo, sauti na ule mkono wa kushoto usio na kazi kubwa ni vya wifi yangu, na hapo ndipo watu wanaposhangaa: kumbe kikaragosi kimoja kinavaliwa na wanawake wawili wazima waliobanana chini ya meza? Ndiyo. Na wanaodhani ni mchezo waje wakae wao pale, magoti kwenye zulia, uso umegandamizwa kwenye mgongo wa mwenzio, majasho yanawatoka, halafu waambiwe wachekeshe watoto.

Mimi nikiwa kazini sioni kitu. Nafuata mgongo wa wifi. Akivuta pumzi ndefu najua Domokaya anakaribia kucheka, nami napiga meza. Bega lake likishuka najua kachoka, namshikisha shavu. Wifi ndiye anayeangalia skrini ndogo inayowekwa sakafuni mbele yake, inayomwonyesha kile kamera inachokiona. Na skrini hiyo si kioo. Kwenye kioo ukinyanyua mkono wa kulia, mkono unanyanyuka upande uleule. Kwenye skrini ya kamera ni kama umetazamana na mtu: kulia kwako kunaonekana kushoto. Anayeanza kazi hii hulia. Anataka kikaragosi kimtazame mtoto, kinatazama mlango. Inachukua miaka mpaka mkono uzoee kwenda kinyume bila kuuliza kichwa, na mkono wa wifi ulizoea zamani sana.

Alikuja kwetu kama mke wa kaka yangu, fundi makochi. Mwaka wao wa kwanza walikosana, kwa nini hawakuwahi kusema, na wifi akanuna asiongee naye. Kaka akachukua sponji iliyobaki kwenye kochi la mteja, akaipasua mdomo, akaivisha soksi, akaichungulisha dirishani: "Shemeji, yule mumeo analia huku nje. Mimi nimeambiwa nisiseme." Wifi akacheka, ugomvi ukaisha, na Domokaya akapata jina, maana hana siri, kila anachokijua anakibwata. Alianzia uani kwetu, akaenda mashuleni, mwisho akachukuliwa na kituo cha televisheni. Kaka alikuwa kichwa, wifi akawa mkono. Kaka alipofariki kila mtu alidhani na Domokaya amekwenda naye. Wifi akakaa kimya muda mrefu. Siku moja yuko jikoni anaosha sufuria, akaanza kuongea kwa sauti ile, ileile, na mikoromo yake, mpaka mimi niliyekuwa naanika nguo nikaangusha beseni. Akaniita niwe mkono. Nilikuwa mshonaji na sikuwa na hamu ya kubanwa chini ya meza na mtu yeyote, lakini wifi ukimkatalia leo anarudi kesho na chai mkononi.

Watoto walimpenda Domokaya kupita kiasi. Kulikuwa na mabegi ya shule yenye sura yake, vikombe, miswaki. Wale watoto wakakua, wakaota ndevu, na watoto wao hawakai mbele ya runinga alasiri, wameinamia simu. Kila zama na kitabu chake, watu husema, lakini ukiwa wewe ndiye kitabu cha zamani huuoni utamu wa methali. Kipindi kikapunguzwa, kikahamishiwa asubuhi wakati watoto wote wako shule (aliyepanga hivyo sijui alifikiri kwa kiungo gani), kisha kikasimamishwa.

Ndipo akaja mtayarishaji mpya, kijana aliyesoma na begi la Domokaya mgongoni. Akatuita ofisini kwake. Ana adabu, siwezi kumsingizia.

"Mama," akamwambia wifi, "nataka arudi. Video fupi fupi, za simu. Watoto wakae mbele yake, wamuulize chochote, ajibu papo hapo. Ila wakubwa wangu wanataka wamchore kwa kompyuta, wamwekee sauti ya mtu mwingine. Nimewaomba tujaribu na nyinyi kwanza. Tutarekodi mbele ya watoto, na wakubwa wakiwepo. Tukifaulu, Domokaya ni wenu. Tusipofaulu, mama yangu, sitakuwa na la kusema."

"Tutafaulu," wifi akasema. Alipotoka nje kiganja chake kilikuwa kimelowa.

Mazoezi yakaanza. Studio ilikuwa imefungwa mitambo mipya, taa mpya, kamera mpya, hata skrini yetu ya sakafuni ilikuwa mpya, na ukuta wa nyuma ulipakwa bluu tupu. Mtayarishaji akajifanya mtoto, akakaa pembeni, akasema, "Domokaya, hujambo?" Domokaya akageukia ukuta. Akasita. Ndipo akarudi kumtazama. Wifi akakohoa, akasingizia vumbi. Mtayarishaji akauliza tena kutoka upande wa pili, Domokaya akageuka tena kinyume. Mgongoni kwa wifi nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia: misuli yote imekaza, kama mtu anayesubiri kupigwa.

Tulipoingia chumba cha mavazi alifunga mlango.

"Wifi, imeanza."

Sikuuliza nini. Nilijua. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa kusahau, na kwake ulianzia hapohapo, kwenye kulia na kushoto. Alivaa viatu kinyume. Akatoka dukani akaingia geti la watu, akawaamkia kama wageni wake. Mwisho hakumjua wifi kabisa, alimwita "yule dada wa kufua." Lakini Domokaya akitokea kwenye runinga, bibi anakaa wima na kusema, "Mwanangu huyo." Wifi alikuwa akisikia hivyo anakwenda kulia chooni, halafu anarudi kumlisha.

"Umechoka tu," nikamwambia. "Umri nao. Hata mimi jana nimetafuta miwani na nimeivaa."

"Usinibembeleze. Mkono ulikuwa unajua, sasa haujui." Akanishika nguo kifuani. "Usimwambie mtu. Mpaka watoto wamalize kurekodiwa. Niapie."

Nikamwapia. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nilijua, na bado nikaapa, maana niliogopa. Niliogopa kumpoteza yeye, na nitasema ukweli, niliogopa pia kwa ajili yangu: mkono bila kichwa unakwenda wapi?

Siku zilizobaki hazikuwa siku. Wifi alijifunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akawa anautazama kabla ya kuvuka barabara, kabla ya kufungua bomba. Nyumbani alijipa mitihani. Nilimsikia jikoni akitaja majina ya shangazi zake wote kwa mpangilio, na alipokwama kwa mmoja akapiga sahani sinkini. Mimi nikawa askari wake. Akiweka chumvi, naangalia kama ni chumvi. Akinyamaza kidogo, namsemesha. Hata utani wetu ulikufa. Zamani ningemwambia umezeeka kuliko lile sponji, naye angenijibu kwamba angalau sponji lina adabu. Sasa neno "zeeka" lilikuwa haliingii nyumbani.

Na mazoezini hali ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa alikuwa anafikiri. Domokaya anageuka kidogo huku, anasita, anageuka kule. Mzaha unafika umeshapoa. Mtayarishaji alianza kutuletea maji bila kuombwa, na mtu akianza kukuhurumia hivyo ujue mambo yako yameharibika.

Siku ya kurekodi watoto wakaingia, wakakaa kwenye zulia nusu duara. Wakubwa walikaa nyuma kwenye viti. Sisi tulikuwa tumeshajibanza chini ya meza, kitambaa kimeshuka mpaka sakafuni, maana sheria ya kaka yangu ilikuwa moja: mtoto asiwaone waliomo ndani, hata nyumba ikiungua. Nikamwekea wifi paji la uso mgongoni nikasema polepole, "Nipo."

Domokaya akatokea, watoto wakapiga makofi ya heshima, yale ya kufundishwa na mwalimu. Kisha msichana mmoja wa pembeni, sauti yake nyembamba, akauliza, "Wewe unaogopa nini?"

Domokaya akageukia ukuta.

Mtoto mmoja akasema, "Haoni." Mwingine akasema, "Ni kibovu." Kiti kikalia nyuma, mtu mzima amejigeuza. Mgongo wa wifi ukaacha kupumua kabisa, na mimi nikajua anataka kumvua Domokaya. Ndipo hasira zangu zikanipanda, hasira za kijinga tu, za kumkasirikia yule mtoto na ugonjwa na dunia nzima, nikafanya kitu ambacho mkono haufanyi kazini. Nikatoa uso mgongoni kwake nikachungulia skrini chini ya kwapa lake.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa upande wa kulia.

Nikaunyanyua kidogo. Ukanyanyuka kulekule kulia, kama kwenye kioo cha kuchania nywele. Tangu enzi za kaka, mkono wa kulia wa Domokaya kwenye skrini ulikuwa unakaa kushoto. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikatambaa kidogo, nikapenyeza mkono wangu ulio huru chini ya kitambaa, nikamkamata suruali fundi mitambo aliyesimama kando na ndevu zake, nikamvuta nusura aanguke. Watoto wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akainama. "Skrini ni kioo," nikamnong'oneza kwa ukali wote nilionao. "Irudishe." Akabonyeza kitu. Picha ikapinduka.

Wifi aliona. Nilisikia pumzi yake ikiingia, ndefu, mpaka chini kabisa mbavuni, na Domokaya akageuka moja kwa moja, bila kusita, akamtazama yule msichana machoni.

"Naogopa kufuliwa," akasema. "Kila nikifuliwa narudi mdogo. Zamani nilikuwa tembo."

Watoto wakaanguka kwa kicheko. "Na wewe je?" Domokaya akauliza. "Niambie. Mimi sitamwambia mtu, nitawaambia wote." Msichana akasema anaogopa taa zikizimika. Mwingine akasema anaogopa simu ya mama ikiisha chaji, maana baba hupiga usiku tu. Mvulana mmoja mnene akasema yeye haogopi chochote, kisha akasema anaogopa baba yake asirudi. Domokaya aliwageukia mmoja mmoja, sawasawa kabisa, akawajibu, na hakuna aliyekuwa amewafundisha makofi waliyopiga mwisho. Nyuma kule hakuna kiti kilicholia.

Walipoondoka, mtayarishaji akatukumbatia wote wawili, majasho na yote. Wakubwa wameshakubali, akasema: hicho ndicho kipindi, watoto wamwambie Domokaya wanachokiogopa. Tukaletewa chai. Wifi alikuwa anang'aa kama bibi harusi. Akakata ule uzi mwekundu kwa meno, akanigonga bega. "Skrini, wifi. Skrini tu. Nami nimeshawataja shangazi zangu wote, na waliokufa." Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Nilikuwa mwepesi, nilitaka kumtania siku nzima kufidia.

Fundi mitambo akaja na kikombe chake, amenywea.

"Mama Domo, nisamehe. Nilidhani ukishaizoea utaipenda, watoto wa siku hizi wote wanajitazama hivyo kwenye simu. Ningejua inakusumbua ningeirudisha siku ileile niliyokwambia."

"Uliniambia lini?" wifi akauliza, bado anatabasamu.

"Asubuhi ya kwanza. Si tulikaa pale kwenye ngazi? Nikakwambia skrini nimeigeuza kama kioo, isipokufaa uniite. Nikakuonyesha na kitufe. Ukaniambia sawa mwanangu, ukanitania kuhusu ndevu, kwamba Domokaya atazikopa."

Nilimtazama wifi. Utani ule ulikuwa wake, hakuna mwingine duniani anayetania hivyo. Na niliona usoni kwake anatafuta, anapita chumba kwa chumba, na hakuna kitu.

Halafu akanyanyua Domokaya kutoka mezani, akamwingiza mkono, na Domokaya akamwambia fundi, "Mimi nilisikia vizuri sana. Huyu mama ndiye hasikii." Watu wote wakacheka. Fundi akacheka, akaondoka amefarijika.

Kwenye chumba cha mavazi wifi alifunga mlango tena. Hakulia. Nilitaka alie, ningejua la kufanya.

"Wewe ulikuwepo pale kwenye ngazi?"

"Sikuwepo, wifi. Labda anachanganya. Wale mafundi huongea na watu wengi kwa siku."

"Usinibembeleze."

Akavua Domokaya. Akanishika mkono, akaunyoosha kama anavyonyooshwa mtoto anayevishwa sweta, akaniingiza kichwani mwake, kidole gumba chini kwenye taya, vinne juu. Mle ndani mlikuwa na joto lake. Akazunguka nyuma yangu, akapiga magoti, akaingiza mkono wake wa kulia kwenye mkono wangu wa miaka yote.

"Nitakufundisha ningali najua," akasema. "Anza na sauti."

Nilifungua mdomo wa Domokaya. Mgongoni kwangu paji lake la uso lilikuwa linasubiri.