Mwanangu Yuko Masafa

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kubuni bodi za saketi, zile sahani za kijani zinazokaa ndani ya mita za umeme na chaja za sola. Niliipenda kwa sababu ni kazi isiyo na hila. Kitu kikiungua unakiona, unakinusa, unaweka kidole na kusema mchawi ni huyu. Nilikuwa naifanyia Dar es Salaam, na baba yangu, fundi cherehani wa Ng'ambo, Tabora, aliishi peke yake tangu mama afariki.

Kisha nikahamia kwenye masafa ya redio. Wenzangu walinishangaa, na mimi mwenyewe mwanzoni nilijishangaa. Huko hakuna cha kushika. Kipande cha shaba ambacho kwenye bodi zangu kilikuwa njia tu ya umeme, huku kinageuka antena na kuanza kurusha mambo ambayo hukuyatuma. Kiunganishi kisipokazwa vizuri, mawimbi hayatoki. Yanagonga pale na kurudi yalikotoka, na wewe unadhani umefikisha. Niliwahi kulia mbele ya kipimo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Lakini nilikuwa na sababu ya kuvumilia: minara ilikuwa inasimikwa upande wa Nzega na Igunga, na mhandisi wa masafa angepangiwa kukaa Tabora. Nilitaka kurudi nyumbani kwa baba. Hilo tu.

Hilo la Tabora sikumwambia. Kituo changu cha kazi kilikuwa hakijathibitishwa, na namjua baba, angeanza kupaka chumba chokaa halafu mambo yawe hewa. Nilimwambia la kazi tu, kwa simu.

"Shikamoo baba. Nimehama kazi. Sasa hivi niko kwenye masafa."

"Marahaba, mwanangu. Masafa tena? Hiyo Dar haikutosha?"

"Masafa ya juu, baba."

"Juu wapi? Ulaya?"

Nilicheka mpaka simu ikakatika. Kwangu mimi masafa yalikuwa ni ya mawimbi. Kwa baba, na kwa mtaa wake mzima, masafa ni umbali. Nikajisemea nitamweleza nikifika, tutacheka wote.

Kwetu mtu aliye safarini hapelekewi habari nzito. Shangazi yangu wa Kwihara, dada yake baba, husema tumerithi hayo kwa wapagazi wa pembe za ndovu. Aliyeelekea pwani hakuambiwa nani kaugua nyumbani, maana angetupa mzigo arudi, au angeendelea na mawazo yamuue njiani. Habari yake ilimngoja mlangoni. Sijawahi kuupenda utaratibu huo, na leo nauchukia.

Nikapelekwa Igunga kufunga antena. Mchana mmoja, chini ya mnara, nilimpigia baba. Sauti yake ilikuwa imepungua, inakuja na kupotea. Mimi, mhandisi wa masafa, nikalaumu mtandao.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Niko njiani, baba. Nikimaliza hapa nakuja."

"Haya. Nenda salama."

Nilitegemea aseme njoo salama. Nililisikia lile neno, likanipita.

Haikufika Ijumaa ya wiki hiyo, shangazi akanipigia asubuhi. "Jikaze, mwanangu. Baba yako ametutoka. Tunamzika leo baada ya alasiri. Usihangaike na safari, tunajua uko mbali."

Niliomba gari la kazini. Tulipoipita Nzega ndipo nikaanza kulia kwa sauti. Kabla ya adhuhuri nilikuwa mlangoni Ng'ambo. Wanawake waliokaa kwenye mikeka waligeuka kunitazama. Shangazi aliinuka, akanishika mabega kama anayehakikisha ni mimi.

"Umepanda ndege gani?"

"Ndege? Nimetoka Igunga, shangazi."

"Igunga ipi?"

"Hii hii yetu."

Akakaa chini palepale, kwenye sakafu tupu. Nikampita, nikaingia kumwona baba. Walikuwa hawajamfunika uso. Alikuwa amekonda kiasi kwamba nilimtambua kwanza kwa vidole, kile cha shahada chenye makovu ya sindano. Chumba changu cha zamani, mlango wa pili, kilikuwa kimepakwa chokaa. Nani alimwambia, sijui. Pengine hakuambiwa na mtu.

Nilipotoka nilimkuta shangazi bado pale sakafuni. Nilikuwa na hasira naye, na sikuificha.

"Ameugua tangu lini?"

"Tangu mvua zianze. Tulitaka kukupigia, akakataa. 'Mwacheni, mwanangu yuko masafa.' Basi tukaacha."

"Na baadaye?"

Hakunitazama. "Juzi na jana alikuita mwenyewe, mwanangu. Anakuita, anaangalia mlango. Tukamtuliza. Tukamwambia asikungoje, huko uliko ni mbali mno, hutafika."