Fauzia na njia za miguu ambazo kila mtu anazitilia shaka

Saa moja na nusu asubuhi, Jumapili. Ukungu bado umelalia mashamba ya kahawa ng'ambo ya Mbozi Mission. Fauzia Abdulwahab amesimama njia panda, viatu vimejaa tope jekundu, simu mkononi. Anapiga picha jiwe kubwa lililopasuka katikati. Anapiga picha kijia kinachoshuka kushoto kwa jiwe hilo. Kisha anaandika: "Usifuate hiki. Kinaishia chooni kwa watu."

Katikati ya mibuni, mwanaume mmoja ameacha kulima. Ameegemea mpini wa jembe, anatazama.

"Mnapima?" anauliza.

"Hatupimi, baba. Tunatembea."

"Mnatembea mnakwenda wapi?"

"Kule juu kilimani, halafu tunarudi."

"Kule kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kuna upepo tu."

Mwanaume anaitazama simu, anavitazama viatu, anamtazama Irene Simbeye, rafiki wa Fauzia aliyesimama nyuma yake na chupa ya maji. Irene anamsalimia kwa Kinyiha. Anaitikia, lakini jembe haliinui. Analiinua pale tu wanawake hao wawili wanapopotelea nyuma ya migomba.

"Huyo ameridhika," anasema Fauzia na kucheka. "Asingeridhika angetufuata."

Fauzia, mwenye umri wa miaka 34, ni fundi simu mjini Tunduma. Kibanda chake hakiko mbali na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na wateja wake wengi ni madereva. Wazambia huwasalimia "muli shani" kabla hajawaambia kwamba kioo kimekufa. Wiki nzima huinamia simu za watu. Jumapili huzunguka vilima vya mkoa wa Songwe kwa miguu, na anachokiona hukiweka kwenye tovuti aliyoitengeneza mwenyewe, inayoitwa Njia za Miguu Songwe.

Tovuti hiyo imetimiza mwaka mmoja mwezi huu. Ina njia kumi na saba. Inaeleza mahali pa kuanzia, mahali pa kuvuka maji, mbwa wakali wako wapi, na kama njiani kuna duka la soda. Haimwingizii hata shilingi. Gharama ya kuiweka hewani pamoja na bando hutoka katika mapato ya kibanda, ambayo kwa mwezi mzuri hufika laki tatu na nusu.

"Watu wanaelewa mtu akifanya kitu kwa ajili ya hela," anasema. "Ukisema unafanya bure, hapo ndipo wanaanza kukuogopa."

Mambo yalianza kwa maumivu ya mgongo. Daktari alimwambia dawa yake ni kutembea, si vidonge. Akaanza kutembea kutoka Mpemba kuelekea vilimani, akapotea. Akauliza njia kwa watu watatu, kila mmoja akamwonyesha upande wake. Alirudi nyumbani jua limezama, miguu imevimba, na akaapa kwamba njia ile hataisahau tena. Akaiandika. Iliyofuata akaiandika pia. Irene, ambaye huuza mitumba jirani na kibanda chake, akaanza kufuatana naye kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, "huyu ni mtoto wa watu wa Kondoa, Kinyiha hajui, huku vijijini angeongea na nani?"

Wa kwanza kumtilia shaka alikuwa mumewe.

Ramadhan ni wakala wa kutoa mizigo forodhani, mtu mpole asiyependa kelele. Kwa wiki kadhaa alimtazama mkewe akifunga kamba za viatu kila Jumapili asubuhi. Siku moja akakodi bodaboda, akamfuata kwa mbali. Pikipiki ilipokomea, akashuka na kuendelea kwa miguu, amevaa viatu vya ofisini.

"Nilijiambia, mwanamke gani anakwenda porini kutembea tu?" anasema Ramadhan, akitazama chini huku akitabasamu. "Nikapanda mlima ule wote nikijificha kwenye vichaka. Nilipofika juu nikamkuta yeye na Irene wanakula mihogo. Hakuna mwanaume. Hakuna chochote. Nikatamani ardhi ipasuke."

Fauzia alimwona akichechemea. Hakumgombeza. Alimkatia muhogo, akamwambia, "Baba Zakia, ungeniambia tu, ningekutafutia raba."

Lakini si kila shaka iliisha kwa muhogo.

Mwezi wa saba mwaka jana, katika kijiji kimoja cha upande wa Momba, vijana waliwazuia Fauzia na Irene njiani na kuwapeleka kwa mwenyekiti, Zebedayo Halinga. Mzee huyo aliichukua simu ya Fauzia, akaitia mfukoni mwa koti lake, ndipo akaanza kuuliza. Nani amekutuma? Ramani hii unampelekea nani? Kwa nini umeweka alama kwenye kisima chetu?

Halinga hakuona haya kumweleza mwandishi sababu yake. "Kabla yake walikuja watu wenye simu kama hiyo," alisema. "Wakazunguka, wakapiga picha, tukawapikia na ugali. Baadaye tukaambiwa bonde letu la kulishia lina mwenyewe, na mwenyewe si sisi. Tumelihangaikia miaka miwili. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

Alimrudishia Fauzia simu kwa sharti moja: aifute njia ile mbele ya macho yake. Fauzia akaifuta. Kijiji hicho hakimo kwenye tovuti mpaka leo.

Baada ya hapo akaitwa na afisa mmoja mjini, akaulizwa kwa upole lakini kwa muda mrefu kama anajua njia za panya ni nini. Anazijua, hakuna mtu wa Tunduma asiyevijua vijia vinavyopitishiwa magendo kuvuka mpaka. Usiku uleule alifuta njia zote tatu zilizokuwa karibu na mpaka, ingawa hakuna aliyemwamuru.

"Nilianza kuisoma tovuti yangu kwa macho ya mwizi," anasema. "Kila nilichoandika nikajiuliza, mtu mbaya akisoma hapa atapata nini?"

Akiwa katika hali hiyo, ndipo alipotokea Mwenyeji.

Kwenye tovuti kuna mahali pa msomaji kutuma marekebisho. Wengi hutuma salamu. Mwezi wa tisa ulikuja ujumbe uliotiwa sahihi ya neno hilo moja tu, "Mwenyeji", kuhusu njia inayopita kwenye mashamba ya kahawa na kuvuka mto kwa daraja la magogo. Ulisema: "Umeandika mwendo wa saa mbili. Kwa mtu wa mjini ni tatu."

Fauzia akarekebisha. Wiki mbili baadaye ukaja mwingine: "Ule si mkuyu. Umewapotosha watu." Akarekebisha tena, akashukuru. Mwenyeji hakujibu shukrani.

Ujumbe wa tatu ulimfanya aiweke simu chini. "Jumapili ulipita umevaa koti la bluu. Mwenzako alichuma pera kwenye mti usio wake."

"Nilihisi baridi," anasema Irene, ambaye kweli alikuwa amechuma pera. "Sisi siku ile hatukuona mtu. Hata kuku hatukuona. Sasa huyu katuonea wapi?"

Waliacha kwenda upande ule. Ramadhan, ambaye sasa alikuwa na raba zake, alisema huyo ni jambazi anayesoma nyendo za watu. Fauzia hakubisha.

Mvua za Januari mwaka huu zilikuwa kali. Jumatatu moja, kikundi cha walimu na jamaa zao kutoka Vwawa kiliandika kwenye tovuti kwamba Jumamosi wangepita njia ileile ya magogo, watu kumi na mmoja. Siku iliyofuata Mwenyeji akaandika: "Daraja limeondoka. Usiwaelekeze watu chini. Wapitishe juu, kwangu."

Fauzia aliusoma mara nyingi. Neno lililomkwamisha lilikuwa la mwisho.

"Kwake!" anasema Irene, akipiga makofi mara moja. "Mtu hujui jina lake, hujui sura yake, anataka umpelekee watu kumi na mmoja mlangoni kwake. Nikamwambia Fauzia, huyu anataka kuwaibia, au huko chini kuna kitu hataki kionekane."

Fauzia aliwaandikia walimu wasubiri kidogo. Wakajibu kwamba gari wamekwisha kukodi. Alifikiria kuifuta njia yote, kama alivyozifuta zile nyingine. Lakini walimu walikuwa tayari na maelezo yake kwenye simu zao.

"Nikiamini, huenda nawapeleka kwa mwizi. Nisipoamini, huenda nawapeleka mtoni," anasema. "Usiku ule sikulala. Asubuhi nikafunga kibanda."

Jumatano hiyo walikwenda watatu. Ramadhan alikataa kabisa kubaki. Alichukua fimbo, na njia nzima alitembea mbele, akigeuka kila tawi lilipovunjika.

Walifika mtoni saa tano. Daraja halikuwepo. Gogo moja tu lilikuwa limebaki, limeng'ang'ania mzizi upande wa pili, na maji yenye rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakilipiga. Fauzia alirusha jiwe ajaribu kina. Hakusikia hata lilipogonga chini.

Walikuwa bado wamesimama pale sauti iliposema kutoka mgongoni mwao:

"Mlikuwa wawili. Huyo mwanaume ni nani?"

Wakageuka. Alikuwa mwanamke mrefu aliyefunga kitenge kifuani juu ya sweta, panga mkononi. Hakuinua panga, lakini hakulishusha pia.

"Ni mume wangu," akasema Fauzia. "Wewe ni nani, mama?"

"Fimbo ya nini?"

Ramadhan akaitupa fimbo majanini. Ndipo yule mwanamke akasema, "Mimi ndiye niliyekuandikia. Ulidhani nani?"

Anaitwa Marita. Jina la ukoo, la kijiji na la mto ameomba yasiandikwe, na mwandishi alipomtembelea, Marita alimwomba kitambulisho mara mbili, alipofika na alipoaga. Ana umri wa miaka 46. Mumewe alifariki, watoto wawili wako masomoni, na analima kahawa na mahindi peke yake. Nyumba yake iko juu ya njia, imefichwa na miti ya mapera. Siku moja mtembeaji aliyepotea alimwonyesha tovuti ile kwenye simu, akiuliza njia. Marita akaona njia inayopita nyuma ya jiko lake imeandikwa na mtu asiyemjua.

"Mwanangu alininunulia simu ya kupangusa ili nimwone sura," anasema. "Nikaitumia kumchunguza huyu Fauzia. Kila akipita nilikuwa namwangalia. Sikujua anataka nini. Mpaka leo sijui vizuri."

Kwa nini hakuandika jina lake?

"Mwanamke anayekaa peke yake haandiki jina lake na mahali anapolala kwenye simu ya dunia nzima," anajibu. "Hilo hata wewe unalijua."

Fauzia alimuuliza siku ile pale mtoni jambo lililomsumbua njia nzima. Kama anaogopa wageni kiasi hicho, kwa nini alitaka wapitishwe kwake?

 Marita akaelekeza panga kwenye maji. "Kijana wa jirani yangu alichukuliwa hapo mwaka ule wa mafuriko. Mimi ndiye niliyemkuta kule chini, kwenye matete. Afadhali mgeni nimwogope akiwa hai."

Irene alimwomba radhi kwa lile pera. Marita akasema yalikuwa mapera matatu.

Aliwapandisha kwa njia ya juu, kupitia kwenye kahawa yake, hadi penye mawe ambapo mto ni mwembamba na maji hayavuki goti. Fauzia akapiga picha za mawe tu, nyumba haimo. Jioni ile alibadilisha maelezo yote na kuwatumia walimu. Jumamosi wakapita, kumi na mmoja, wakavuka salama. Kabla hawajafika kwenye gari lao, ujumbe ulikuwa umekwisha kuingia kwenye simu ya Fauzia: "Wamepita. Nimewahesabu dirishani. Mmoja kavunja mhindi wangu."

Mwalimu aliyeongoza kikundi hicho, Clement, anasema hakumwona mtu yeyote siku ile. "Tuliona nguo zimeanikwa na mlango umefungwa," anasema. "Tulifika mahali tukauona ule mto kwa chini. Tukaongeza mwendo."

Fauzia anakiri kwamba jambo hilo lilimsumbua kuliko kumfurahisha. Mwaka mzima alikuwa akilalamika kwamba watu wanamshuku bila sababu, na yeye alikuwa nusura ampuuze mtu aliyekuwa akisema kweli, kwa sababu tu alitumia sahihi ya neno moja na alizijua njia kuliko yeye alivyotarajia.

Tangu hapo ameweka utaratibu mpya. Njia haiingii kwenye tovuti mpaka mtu wa mahali hapo awe ameitembea pamoja naye na kukubali. Njia tano ameziondoa kwa sababu hakupata mtu wa kukubali. Marita bado hutuma marekebisho, bado bila salamu, lakini sasa humwambia mapema majira ya mahindi ili apitishe watu pembeni.

Mipango ya Fauzia ni ya kiangazi. Anataka kufika Mkwajuni, kutafuta njia ya miguu inayopanda hadi pale ambapo bonde la Rukwa huonekana lote kwa chini. Ameambiwa huko kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu, na mtu mwenye simu anayepiga picha mawe anaweza kudhaniwa mengi.

"Safari ya kwanza simu itabaki kwenye begi," anasema huku akifunika meza ya kibanda chake kwa turubai. "Nitakwenda kwa mwenyekiti, nitasalimia, nitakula watakachonipa, nitaomba nipande nitazame bonde tu, nitarudi. Wanitazame mpaka wachoke. Ya pili hivyo hivyo. Labda ya tatu mtu mwenyewe atasema, twende nikuonyeshe."

Na wasiposema?

Fauzia anavuta kamba ya turubai, anaikaza.

"Basi nitakuwa nimeiona Rukwa," anasema.