Kidonge Kisichogawanywa

Wakwe zake Enid walimchukia kwa sababu moja: aliugua kansa na hakufa. Kuugua wangemsamehe. Lakini kurudi sokoni Bwera akauza vitenge, mashavu yamejaa, sauti juu, hilo liliwachoma roho.

Ugonjwa wake ulikuwa wa damu. Mwaka 2013 tumbo lilimvimba upande mmoja hadi majirani wakamhesabia miezi ya mimba, akapelekwa hospitali kubwa ya Kampala. Daktari wa huko, mwanamke mkali asiyependa kurudia maneno, alimweleza mara moja tu. Ndani ya chembe za damu yake mlikuwa na protini iliyoharibika, ya aina wanayoiita kinasi. Kazi ya kinasi ni kuiamuru chembe igawanyike, kisha inyamaze. Yake ilikuwa imekwama kama honi ya lori la saruji, inapiga kutwa kucha: gawanyika, gawanyika. Kidonge alichomwandikia kiliingia ndani ya protini hiyo na kuiziba mdomo. Kimoja kila siku, pamoja na chakula na maji mengi, maisha yote. Na kilikuwa cha honi hiyo tu.

Mwaka 2015 mama mkwe wake, Rusi, akakutwa na kansa ya ini. Shemeji yake Enid, aitwaye Kule, akaitisha kikao uani. Huyu Kule alikuwa mtu wa kugawa. Mbuzi akichinjwa, kisu kilikuwa chake, na hata ulimi aliukata vipande sawa ili kila nyumba ipate. Alisifiwa kilima kizima kwa hilo, naye sifa hizo alizijua vizuri sana.

“Mama iko na kansa, weye uko na kansa, dawa iko ya kansa,” alisema. “Kwa hii mji hakuna mutu anakulaka yeye peke yake. Tutagawanya.”

“Shemeji, hii dawa inajua damu yangu tu. Ya ini iko ingine.”

“Kansa nayo iko na kabila?”

Wakacheka wote. Jonan, mumewe Enid, aliyekuja likizo kutoka kazini mjini Hima, alitazama viatu vyake.

Kikao kile Enid angekishinda. Aliyemshinda ni Rusi, bibi wa watu, aliyemshika mkono akasema polepole, “Mukamwana, muke ya mutoto yangu, hata weye utaninyima?” Enid alimpenda. Akatoa. Kwa miezi miwili walipokezana, leo Rusi, kesho yeye, na Kule akaisimamia zamu hiyo kwa kiburi kilekile cha kukata nyama.

Ini halikujali. Rusi alitapika, macho yakamvimba, akazidi kukonda. Enid naye aliporudi Kampala, chembe nyeupe zilikuwa zimepanda tena. Daktari alimfokea mbele ya foleni nzima.

“Ukicheza tena, hiyo kinasi itabadilika umbo, kidonge kikose pa kuingia. Utakufa na kopo limejaa mkononi!”

Enid alilia kwa aibu na kwa hofu. Alipofika nyumbani alimwambia Kule hapana, na tangu siku hiyo hakuna aliyeitikia salamu yake. Rusi alipofariki wiki tano baadaye, muuaji alikuwa ameshapatikana.

Siku ya maziko Enid alijifunga kitenge kiunoni akaenda jikoni, kama mke yeyote wa mji ule. Kule akampokonya mwiko.

“Wacha sufuria. Uliua mama na choyo yako. Hapa hautakula, hautakunywa.”

Wanawake wakainamia vyungu vyao. Kule mwenyewe akagawa nyama, kipande kwa kipande, akamruka Enid. Saa saba ikafika, saa ya kidonge. Enid akaomba maji. Mwanamke mwenye jerikeni akageukia ukutani. Akamtazama Jonan, Jonan alikuwa anatafuna, macho kwenye viatu.

Hasira zikampanda Enid mpaka masikioni. Alisimama katikati ya ua, akafungua kopo, akakiinua kidonge Kule akione.

“Hii haigawanywi,” alisema.

Akakitia mdomoni. Kilimkwama kooni, kikavu, kichungu, akakisukuma kwa mate mara tatu mpaka kikashuka. Kisha akaketi palepale, akasubiri mama mkwe wake azikwe.