Mashine ya Vigae Iliyowekwa Rehani

Mama Kibati alipatia jina hilo kazini. Yeye ndiye mwenye chumba cha kutunzia mizigo kwenye stendi ya mabasi: unampa begi, anakupa kibati chenye namba. Ukirudi na kibati unapewa begi lako, ukirudi mikono mitupu unapewa mgongo. Shemeji yake aliwahi kupoteza kibati, akanyeshewa mvua yote pale nje ya dirisha huku mwavuli wake mwenyewe ukimtazama kutoka rafuni. Mpaka leo wanasalimiana kwa shingo upande.

Sasa mtu mkali namna hiyo, fundi gani angemweza? Alipatikana. Mwaka jana alimpa kazi bwana mmoja mwenye shati la pasi na manukato ya bwana harusi, amjengee bafu na choo ndani ya nyumba. Fundi akaomba advansi ya vifaa, akapewa yote aliyotaka. Siku ya kwanza akachimba shimo la bomba kwa bidii iliyomtoa Mama Kibati machozi ya furaha, kisha akaaga anakwenda kununua saruji. Bado anainunua.

Na bafu lenyewe halikuwa la kujionyesha. Mama mzazi wa Mama Kibati alivunjika nyonga, akapona, lakini akabaki na mkongojo. Choo cha Mama Kibati kilikuwa ng'ambo ya ua, na ua ule ukilowa unateleza kama sabuni. Basi bibi wa watu akapelekwa kwa binti mkubwa, kwenye nyumba yenye choo cha ndani, na huyo dada mkubwa akawa anakitaja choo chake kama mtu anavyotaja shahada. Mama Kibati alikuwa anamtaka mama yake. Alikuwa anamtaka mpaka akiwa jikoni peke yake anajikuta amemimina vikombe viwili.

"Mdogo wangu," dada akamwambia kwenye simu, "Ijumaa ya mwisho wa mwezi namleta Mama ajionee. Bafu likiwepo, anabaki. Lisipokuwepo narudi naye, na habari hizi tuzifunge."

"Njoo naye na nguo zake zote."

"Zote? Na lile shimo lako nalo nilibebee godoro?"

Mama Kibati akakata simu kabla hajasema neno ambalo angelijutia, akatoka kutafuta fundi mwingine.

Aliyempata alikuwa mtu mkimya, hana manukato, ana vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Alipima chumba, akakuna kichwa, akasema bei, kisha akasema lile neno.

"Nitahitaji advansi kidogo, mama."

"Nikikupa advansi, wewe unanipa nini?"

"Nakupa kazi."

"Kazi niliyopewa mara ya mwisho ina kina cha kiuno. Acha kitu hapa. Ukimaliza, unakichukua."

Fundi hakuwa na kitu cha maana ila mashine yake ya kukatia vigae, ambayo huitembeza imefungwa taulo kama mtoto mchanga. Aliitazama, akamtazama mama, akaona hapa hakuna wa kumbembeleza. Mashine ikaenda stendi, ikapandishwa rafuni, naye akapewa kibati chake kama abiria yeyote.

Haki yake apewe: alifanya kazi. Shimo likafukiwa, mabomba yakapita, ukuta ukapigwa lipu, choo kikakaa, na vigae vikaanza kutandazwa kuanzia katikati. Mume wa Mama Kibati ndiye aliyeachiwa jukumu la kumchunga. Huyo ni mlinzi wa usiku, na mchana analinda mto tu.

Jioni ya Alhamisi, Mama akitarajiwa kesho yake, fundi akaja kusimama mlangoni.

"Mama, sasa naomba mashine."

"Ukimaliza."

"Siwezi kumaliza bila mashine."

"Na mimi siwezi kukupa kabla hujamaliza."

Fundi akamwonyesha kigae kizima.

"Kigae cha pembeni lazima kikatwe, mama. Angalia, kizima hakiingii."

"Kwani dukani hukuona vidogo?"

Fundi akafumba macho kidogo. Mama Kibati naye aliona kabisa kwamba maelezo yana akili. Lakini yule wa kwanza naye maelezo yake yalikuwa na akili, tena yalinukia vizuri zaidi. Advansi ilishaingia ukutani. Mtu akishika mashine yake, nini kitamrudisha?

Asubuhi ya Ijumaa, dirishani kwake stendi, foleni ikiwa imejaa, mkono wenye saruji ukaweka kibati juu ya meza.

"Fundi, usinifanyie hivi."

"Mimi ni mteja, mama."

"Wee dada, mpe mtu mzigo wake!" mmoja akapaza sauti nyuma. "Basi linaondoka!"

"Au leo umeuza begi la watu?" mwingine akadakia, foleni ikacheka.

Mama Kibati hajawahi kumnyima mzigo mtu mwenye kibati, hata mara moja. Akaishusha ile mashine polepole.

"Ukipotea nayo, nitakutafuta hata kwa harufu."

"Mimi sina harufu, mama. Nina kazi."

Mchana huo alimpa mtu gunia la mwenzake, na mwenyewe akashangaa. Hakungoja saa ya kufunga. Alimwachia mkata tiketi funguo akakimbia nyumbani. Alipofika kona ya mtaa wao akasimama kusikiliza. Mashine ile hulia mpaka meno yakaumia. Kimya.

"Amekwenda," akajiambia. "Na Mama amekwenda."

Akasukuma geti. Dada yake alikuwa amekaa kizingitini, begi la Mama mapajani. Fundi alikuwa amechuchumaa karibu na bomba, mashine pembeni, imefungwa taulo lake.

"Mbona hukati?"

Fundi akaonyesha kwa kidevu. "Bibi yuko bafuni. Nilibakiza nyuma ya mlango tu. Akasema ananawa uso."

"Uso gani huo?" dada akanung'unika. "Chai imepoa, imechemshwa tena, imepoa."

Mama Kibati akagonga mlango. Ndani maji yalikuwa yanamwagika bila haraka yoyote.

"Mama?"

"Nani?"

"Mimi."

"Subiri zamu yako."

"Unarudi na Dada, au unabaki?"

"Mwambie afike salama." Maji yakamwagika tena. "Na huyo kijana usimmalizie hela yake! Huku nyuma ya mlango bado kuko wazi!"

Fundi akamgeukia Mama Kibati. "Kumbe mmerithiana."

Dada akainuka, akakung'uta sketi, akaliangalia lile begi.

"Choo changu kina dirisha kubwa zaidi," alisema. Kisha akalibeba begi mpaka ndani. "Chumba chake ni kipi?"