Mke wa Msafiri

Bibi yangu hakuniita mjukuu. Aliniita mume. Kwetu Rufiji hilo si jambo la kushangaza, mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na hutaniana mpaka wageni wakaona haya. Lakini mimi utani ulinikaa zaidi kwa sababu nilipewa jina la babu, na babu alifariki kabla sijazaliwa. Kwa hiyo nilikuja duniani nikiwa tayari nina mke, shamba la mpunga bondeni, na dungu. Hata shangazi yangu, mtoto wa pekee aliyebaki kwa Bibi ukimwondoa baba yangu aliyepotelea kusikojulikana, aliniita baba.

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba. Mpunga ukianza kutoa mashuke, watu wa upande wetu wa Umwe hufunga nyumba zao kijijini, hubeba sufuria na mikeka, na kuhamia bondeni. Huko wanakaa juu mpaka mavuno. Mchana wanaamia ndege, usiku wanasikilizia nguruwe na viboko. Kutoka kila dungu hutawanywa kamba zilizofungwa makopo, na aliye juu akivuta, shamba zima linalia. Kwelea wakiruka kwetu wanatua kwa jirani, basi unapowafukuza unapaza sauti kumtahadharisha, naye anakujibu. Ukikaa huko siku chache unajua watu wote wa bonde kwa sauti zao. Ukiisikia sauti asubuhi, unajua mwenyewe kaamka mzima.

Nilipomaliza kidato cha sita Kibiti nilishukia huko moja kwa moja, na sanduku langu la shule nikalipandisha dunguni.

Siku ya mwisho shuleni, mwalimu wa taaluma alikuwa ametuambia kila mmoja awe na mpango wa kwanza, wa pili na wa tatu. Nadhani alisema tu kama walimu wanavyosema. Wenzangu walipiga makofi wakaenda kutafuta gari. Mimi nilibeba yale maneno kama dawa ya kumeza kutwa mara tatu. Mpango wa kwanza ulikuwa chuo kikuu. Je, nikikosa? Wa pili ulikuwa stashahada. Je, nikikosa na huko? Je, nikipata vyote viwili nikachagua kibaya? Majina ya kwenda jeshini JKT yalipotoka langu halikuwemo, na badala ya kufurahi au kusikitika niliwaza kutwa nzima kama kutokuwemo kwangu ni dalili ya kitu.

Lakini chini ya mipango yote palikuwa na swali moja tu, na kila nilipogeuka nililikuta. Nikiondoka, Bibi atabaki na nani dunguni?

Alikuwa amezeeka. Magoti yalimsumbua, ngazi alipanda akitaja jina la Mungu kila kijiti. Wenzake wa rika lile walikuwa wameshaachia wana wao mashamba. Yeye mwana wa kumwachia hakuwa naye. Alikuwa na mume aliyesoma jiografia.

Wakati huo Shangazi alikuja bondeni kututazama. Anakaa Kibiti, karibu na barabara kuu, anakaanga vitumbua asubuhi. Alituletea vitumbua vilivyopoa, Bibi akamkaribisha pepeta, ule mpunga mbichi unaokaangwa na kutwangwa, tukatafuna tukiwa tumekaa kwenye ukingo, miguu ikining'inia.

"Mama," Shangazi alisema, "huyu baba yangu akienda chuo, wewe unakuja kwangu. Chumba kipo. Mchukwi hospitali ni hapo tu, hayo magoti yatatazamwa."

"Mie mke wa mtu," Bibi alijibu. "Naondokaje nyumbani kwangu bila ruhusa ya bwana?"

"Bwana mwenyewe hana hata ndevu."

"Zitaota. Nilishamvumilia mmoja asiyekuwa na akili, nitamshindwaje asiye na ndevu?"

Shangazi alicheka mpaka akapaliwa na pepeta. Mimi nilicheka pia, kisha nikaanza kuwaza. Nilijua Bibi anatania. Lakini nilimjua pia: mambo aliyoyataka kweli hakuyasema ila kwa utani, kwa sababu utani haukataliki. Akisema hivi hivi kwamba hataki kuondoka bondeni, Shangazi atabishana naye. Akisema ni mke wa mtu, utabishana na nini?

Matokeo yalitoka mpunga umekwisha kuvunwa. Nilifaulu. Maombi ya chuo niliyafanya kwa simu nikiwa palepale dunguni, kwa kuwa mtandao ulishika vizuri juu kuliko kijijini, na Bibi alikaa pembeni akipepeta mchele kwenye ungo na kuniuliza mbona navuta pumzi kama mtu anayezaa. Nilichaguliwa kusomea mipango ya maendeleo vijijini, Dodoma. Rafiki yangu mmoja alisema chuo kimenijua vizuri, kinanipa shahada ya ugonjwa wangu.

Mwaka huo mvua za vuli ziliwahi, na siku ninaondoka Bibi alikuwa ameshashuka tena bondeni kuanza kulima. Nilikwenda kumuaga huko. Alikuwa amekaa chini ya dungu, jembe limelala kando, kitenge cha kichwani kimelowa jasho. Nilimwambia Shangazi anamsubiri Kibiti, kwamba ni heri aende, kwamba mimi nitakuwa mbali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Haya, bwana'ngu. Kama unakwenda moja kwa moja, nipe talaka yangu nijue moja. Mwanamke hawekwi roho juu. Kama unarudi, usinipe."

Alitabasamu aliposema. Meno yake ya mbele hayakuwepo na tabasamu lake lilikuwa la mtoto.

Mtu mwingine angesema, "Nimekuacha, mwanamke," wakacheka, wakakumbatiana, akaenda zake. Mimi nilisimama pale na begi begani nikiwaza. Niliwaza kwamba madrasa tulifundishwa talaka haina mzaha, ukiitamka umeitamka. Nilijua hakuna ndoa kati ya mtu na bibi yake, sikuwa mjinga. Lakini neno lenyewe nililiogopa. Wazazi wangu waliachana kwa neno hilo, kila mmoja akaenda upande wake, mimi nikaletwa kwa Bibi nikiwa bado sijaacha kujikojolea. Sikutaka litoke kinywani mwangu, tena kwa yeye aliyenipokea.

"Siwezi, Bibi," nilisema.

Tabasamu likaondoka usoni, na kitu kingine, ambacho mpaka leo nakitafutia jina, kikakaa mahali pake.

"Basi," alisema, akichukua jembe lake. "Mie mke wa msafiri."

Njia nzima mpaka Dodoma nilijiona nimetenda wema. Huo ndio wakati pekee katika maisha yangu nilipowaza sana na bado nikafika mahali nikatulia.

Shangazi ndiye aliyenieleza kwenye simu, miezi kadhaa baadaye, nilichokuwa nimefanya. Alikwenda kumchukua mama yake, na mama yake akamwambia, "Sijaachwa mie. Mume wangu kasafiri, nikiondoka nyumbani atanikuta wapi?" Akarudi tena mpunga ulipoanza kutoa mashuke, akaambiwa hivyo hivyo. Alimletea mpaka mzee wa msikiti azungumze naye. Bibi alimkaribisha mzee pepeta, akamuuliza kama dini inamruhusu mke aliye ndani ya ndoa kuhama kwa mumewe bila idhini, mzee akacheka akasema hairuhusu, Bibi akasema, "Umesikia, mwanangu?"

"Anatania," nilimwambia Shangazi.

"Baba, ndiyo, anatania," Shangazi alisema. "Lakini yuko dunguni peke yake."

Nilimpigia Bibi mwenyewe kupitia simu ya jirani wa dungu la pili, mzee mmoja mwenye sauti nzito ambaye alivuka matuta kumpelekea. Nilimwomba aende Kibiti. Nilimwambia mimi mumewe nampa ruhusa.

"Ruhusa ya simu!" alisema. "Wanaume wa siku hizi."

Kisha akauliza kama Dodoma kuna mpunga. Nilimwambia hakuna. Akasema, "Masikini. Mnakula nini?" Nyuma yake makopo yalikuwa yakilia, mtu akimvutia kamba wakati anaongea, na nilipofumba macho katika korido ya bweni niliona mashuke yanainama.

Darasani walitufundisha kupanga. Tulichora miti ya matatizo: mzizi, shina, matawi. Kila mhadhiri alipotoa mfano wa kaya isiyo na nguvu kazi, mimi nilimwona Bibi anapanda ngazi. Likizo nilikwenda, nikaamia ndege, nikarudishia nyasi kwenye paa la dungu, nikabadilisha nguzo iliyoliwa na mchwa. Sasa naona kwamba kila nguzo niliyoibadilisha ilimwambia abaki.

Msimu wa kwanza baada ya kuhitimu, nilipokuwa bado Dodoma nikizunguka na vyeti kwenye bahasha, asubuhi moja yule mzee wa dungu la pili alipaza sauti kuwafukuza kwelea, na kutoka kwetu hakujibiwa. Alipaza tena. Kisha akaacha shamba lake likaliwa, akavuka matuta, akamkuta Bibi ameanguka chini ya ngazi tangu alfajiri. Mfupa haukuvunjika. Lakini alikuwa amelala kwenye maji ya shamba na hakuweza kuinuka, na alimwambia mzee kwamba aliisikia sauti yake vizuri sana, ila yake haikutoka.

Nilipofika Kibiti, Shangazi alikuwa ananisubiri stendi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanishika mkono kama mtu anayetaka kuvuka barabara.

"Nilidhani nitamkuta kwako," nilisema.

"Alikaa hospitali Mchukwi, akapata nafuu, tukatoka, akapanda gari la Umwe akarudi bondeni. Nimfunge kamba?" Alikuwa na unga kwenye nyusi. "Baba, nakuomba. Mpe mama yangu talaka yake."

Tulishuka pamoja. Mpunga ulikuwa umefika kiunoni, wa kijani bado, mashuke ndiyo yanaanza kujaa maziwa. Bibi alikuwa juu, kamba zimefungwa kwenye kifundo cha mkono ili asihangaike kuzitafuta. Alikuwa amekonda sana. Aliponiona alivuta kamba zote kwa pamoja, makopo yakalia shamba zima.

"Mume wangu karudi!" aliwatangazia jirani. "Karudi na ndevu!"

Kutoka dungu la pili ile sauti nzito iliitikia, "Mpikie!"

Nilipanda, nikakaa mbele yake. Shangazi alibaki kwenye ngazi, kichwa tu kikionekana juu ya sakafu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Dodoma, na hakuna hata moja nililolikumbuka.

"Bibi," nilisema. "Nimekuja kukupa talaka yako."

Mkono wake wenye kamba ulitulia. Alimtazama Shangazi, akanitazama mimi. Alielewa yote, sina shaka na hilo, ingawa nina shaka na karibu kila kitu kingine.

"Umepata kazi huko?"

"Bado."

"Basi si ungebaki hapa nami."

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa jambo la pekee nililowahi kumsikia akiomba bila kulifunga kwenye utani. Nami niliwaza, kama kawaida yangu: nikibaki, nitabaki kwa ajili yake au kwa kuwa nimeshindwa kwingine? Nikibaki, atapanda ngazi hii misimu mingapi tena? Nilitazama kifundo chake, kamba zilivyokwaruza ngozi.

"Siwezi, Bibi." Maneno yaleyale.

Alianza kufungua kamba, moja baada ya nyingine, akizitundika kwenye msumari wake. "Ngapi?" aliuliza.

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikamwelewa. Talaka moja ina rejea, mume aweza kumrudia mkewe; tatu hazina. Nikimpa moja, angekaa eda Kibiti, na msimu ujao angesema mumewe kamrejea, akapanda gari la Umwe. Nilimtazama Shangazi. Machozi yalikuwa yanamtoka naye akinyoosha vidole vitatu, akiomba.

"Tatu," nilisema.

Bibi aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea kitu na kukipima uzito. "Ahsante," alisema. "Sasa najua."

Alikunja mkeka wake. Akachukua sufuria, kombeo lake la kurushia ndege, na kitenge. Alishuka ngazi kinyumenyume, Shangazi akimshika miguu kuielekeza kwenye vijiti. Shamba tulimwachia yule mzee avune, na alipotuona tunapita kwenye tuta na mizigo alivua kofia. Kwelea walikuwa wameshashuka kwenye mpunga wetu. Bibi aliwasikia, akasita, mkono ukainuka kidogo kutafuta kamba, ukarudi chini.

Kwenye gari la kwenda Kibiti nilikaa naye siti moja, sufuria mapajani mwangu. Nyumbani, chuoni, stendi, kila mtu alikuwa ameniuliza swali la kesho yangu tangu nilipomaliza kidato cha sita, na kila mara nilikuwa na jibu, la kwanza, la pili na la tatu. Yeye tu hakuwahi kuniuliza. Alitazama nje mpaka bonde lilipoisha na mikorosho ikaanza. Kisha akanigeukia, kwa upole, kama mtu mzima anavyozungumza na kijana wa watu.

"Ehe, mjukuu wangu," alisema. "Sasa utafanya nini?"