Nyumba Iliyonyimwa Moto

Juzi kwenye kliniki ya Nyahanga, Kahama mjini, muuguzi alimtoa mwanamke kwenye foleni ya kupima watoto. Alimwuliza yeye wa wapi, mwanamke akajibu wa Ushetu, muuguzi akacheka. "Ushetu gani hiyo yenye lafudhi ya Burundi? Kamlete balozi wako wa nyumba kumi aseme anakujua." Mtoto alikuwa anachemka homa. Mimi niliyekuwa nyuma yake nikasema apimwe kwanza, balozi hanyonyeshi. Benchi zima la akina mama likainama kutazama khanga. Mwanamke akamfunga mtoto mgongoni akaondoka, na mimi njia nzima hasira zikanirudisha kwa jirani yetu wa zamani.

Wewe rafiki yangu uliyekulia kwenye tumbaku utanielewa nikisema harufu ile haitoki puani. Nililelewa kwa bibi na babu huko Ushetu, miaka ile watu wameshahamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari, na nyuma ya kila nyumba kuna bani, kile kijumba cha udongo cha kukaushia majani. Sisi watoto tulifunga majani kwenye fito mpaka vidole vikawa vyeusi kwa ulimbo. Sabuni ilikuwa adimu, tulijisugua kwa mchanga. Mchana tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa, na karanga, jioni ugali wa mtama na mlenda.

Jirani yetu alitoka Burundi akiwa msichana, akaja kupalilia tumbaku za watu. Akaolewa, mume akafa, akabaki na shamba na mtoto mchanga. Karatasi ya kuishi nchini hakuwa nayo. Nani alikuwa nayo? Bibi mwenyewe alikuwa na ya ubatizo tu. Kila asubuhi jirani alikuja kwetu na kigae kuomba kaa la moto, akilipuliza na kumwambia bibi kwamba moto wa kwetu mvivu kama wenyewe. Bibi alimwambia basi arudishe na wa jana.

Asubuhi moja mgambo wakaja na tela la trekta, wanakusanya wageni wasio na kibali. Hawakuuliza njia. Walikwenda moja kwa moja mlangoni kwake, wakampakia na mtoto wake, wakampeleka Kahama mjini. Ilisemekana atarudishwa kwao, huko alikokimbia watu wanauawa.

Mtu alikuwa amesema. Hilo kila mmoja alilijua, na watu wazima wakaanza kutazamana vibaya. Mwenye duka alishukiwa kwa sababu husafiri mjini, mwalimu kwa sababu hakuwa mtu wa kule. Ile tabia ya kukaa pamoja kufunga tumbaku ikafa, kila nyumba ikafunga yake uani kwake, kimya.

Bibi akaamua ni mwenyekiti wa kijiji. Wageni wa serikali walifikia kwake, nani mwingine? Akawakusanya wanawake kisimani wakakubaliana kumtenga mpaka jirani arudi. Kutengwa kwetu Wasukuma si mchezo: hupewi moto, hupewi maji, hupati hata salamu, ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Mke wa mwenyekiti alipita na kigae nyumba kwa nyumba, na wanawake wakawa wanafukia makaa kwa majivu mbele ya macho yake. Viberiti dukani havikuwapo. Bani lao limejaa majani mabichi, moto hakuna, wa kusaidia hakuna, tumbaku ikaanza kuota ukungu.

Mwenyekiti akaja uani kwetu na mbuzi wa faini, akaapa kwamba si yeye.

"Sijakuuliza kama ni wewe," bibi akamwambia. "Yule mama alipika kwenye msiba wa mwanangu. Nenda mjini ukaseme ni mtu wetu, ana haki ya kukaa hapa kama mimi."

Akaenda, akasema, na jirani akarudi na kibali chake mkononi. Wanawake wakapiga vigelegele, mbuzi akaliwa.

Lakini asubuhi jirani hakuja na kigae. Wala kesho yake. Bibi akampelekea kaa mwenyewe. Jirani akalipokea bila utani, macho yakapita begani kwa bibi, yakatua uani kwetu ambako babu alikuwa ananoa jembe. Haikupita muda akaondoka na mtoto wake, hakuaga mtu. Mvua zilipoanza babu akapanda tumbaku kwenye shamba la jirani. Alisema si vizuri liwe pori.

Nikaja kukumbuka kwamba asubuhi ile ya tela, babu, ambaye hakuwahi kuacha moto wa bani hata kwa misa, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kumsalimia dada yake.

Siku hizi kila nyumba ina kiberiti. Mabani mengi yameanguka, na wanawake wa kisimani wengi wamezikwa. Hakuna tena anayekwenda kwa mwenzake na kigae, kwa hiyo hakuna anayeweza kumnyima mtu chochote. Ule uchungu wa kuwafanya watu wakatae kwa pamoja umekwisha, umebaki umbea.

Mwaka huu nilimpeleka mwanangu Ushetu akaonwe na wazee. Nikamfuata bibi jikoni, nikamwuliza wazi kama alijua kwamba aliyesema ni babu. Alikuwa anachota maji ya kunawa ya babu.

"Nyumba ya mwenyekiti niliweza kuitenga," akasema. "Hii ningeitengaje, na moto naukoka mimi?"

Akayabeba maji, akampelekea, akapiga goti. Mimi nikamwinua mwanangu kutoka mapajani mwa babu, nikamfunga mgongoni.