Mizunguko Kumi Mbele ya Mama Mkwe

Mkiniona nacheka leo msidhani sikuona aibu, niliona aibu mpaka nikataka kuhama Kasongo na kurudi kwetu Kabambare kwa miguu, baiskeli nikiiacha hapo hapo barabarani, maana yenyewe ndiyo iliyoniponza. Lakini kwa kuwa mmeniomba niwaeleze mashindano ya kuzunguka ni kitu gani, na mji huu hauna mtu aliyeyakimbia vibaya kuliko mimi, nitawaeleza, na mkasa wangu mtaupata humo humo.

Enzi hizo za Wabelgiji sisi baiskeli tulizijua za safari tu, unafunga mzigo nyuma, unatoka asubuhi, unafika jioni ukiwa mwekundu kwa vumbi. Mwaka ule, kwa ajili ya sikukuu yao, Mzungu mmoja wa posta akasema kwao watu hushindana kwenye barabara fupi ndani ya mji, wanazunguka, wanazunguka, na watazamaji wanawaona kila mara bila kutoka pale waliposimama. Akachora njia yetu: kuanzia mlingoti wa bendera, kuteremka hadi kona ya soko, kupita nyuma ya maghala ya pamba, kisha kupanda tena mpaka kwenye bendera. Mizunguko kumi, na mshindi angepata taa mpya ya baiskeli.

Rafiki yangu Asumani, aliyekuwa fundi wa baiskeli (na mjuaji wa kila kitu, hata cha kesho), alinifundisha jioni tatu mfululizo. Alinionya nisitangulie mapema, nijibanze nyuma ya gurudumu la mwenzangu ili upepo aule yeye. Kwenye kona nisikanyage pedali, ile ya ndani niiinue juu isije ikagusa ardhi nikaruka kama chura, na breki nishike kabla ya kona, si katikati yake. Kengele ikilia, ujue umebaki mzunguko mmoja, hapo ndipo utoe kila kitu ulicho nacho tumboni. Nikamwambia nimeelewa. Kwa kweli nilikuwa nimeelewa yote, tatizo ni kwamba kulikuwa na jambo ambalo Asumani hakulifikiria, na mimi pia sikulifikiria.

Nilikuwa na mchumba, Mwamini. Mama yake alikuwa amekwisha kunikubali, lakini baba yake, Mzee Ramazani, alikuwa bado anasitasita, anasema, "Mutu wa Kabambare, sisi hatumujui vizuri." Mwamini nilimpenda, nasema wazi, nilimpenda mpaka chakula kilikuwa hakipiti, na nilijiandikisha katika yale mashindano kwa sababu moja tu, huyo mzee aniangalie mara moja aone mwanaume. Sasa, mnajua desturi yetu. Mchumba hatazamani uso kwa uso na mama mkwe wake. Mkikutana njiani unashuka kwenye baiskeli, unatoka barabarani, unayageukia majani mpaka apite. Ukimgusa (Mungu apishe mbali), uchumba wenyewe unaweza kuvunjika. Katika safari ya kawaida si taabu, unakutana naye mara moja tu, mambo yamekwisha.

Siku ikafika, tukaondoka watu kumi na wawili, mimi nimejibanza nyuma ya gurudumu la Asumani kama nilivyofundishwa, upepo anaula yeye, nafurahi. Tukateremka hadi kona ya soko. Pedali ya ndani juu, breki mapema, nainua macho, na nani amesimama pale mbele ya watu wote, amejitanda kikwembe kipya, uso umeelekea kwangu? Mama yake Mwamini. (Jina lake silitaji hata leo.) Nikashuka. Sikufikiri, miguu ilishuka yenyewe. Nikavuta baiskeli pembeni, nikageukia ukuta wa duka, nikasubiri apite. Sasa atapita kwenda wapi? Amekuja kutazama mashindano! Wenzangu wote wakanipita, nyuma nikasikia mtu akiuliza, "Huyu iko mugonjwa ao iko anasali?"

Niliposikia wametokomea nikapanda tena, nimeinamisha kichwa, nikakimbiza mpaka nikawafikia wa mwisho pale bendera. Mzunguko wa pili, kona ile ile, mama mkwe yule yule. Nikashuka tena! Kijana mmoja wa Nyangwe aliyekuwa amejibanza nyuma yangu akanigonga, tukaanguka wawili, akanitukana kwa lugha yao na kwa Kiswahili pia ili nisikose kuelewa. Hapo ndipo nilipopiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga tangu mwanzo, kwamba mizunguko kumi ni kukutana na mama mkwe mara kumi.

Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Kati ya maghala ya pamba kulikuwa na kichochoro kinachotokea upande wa pili bila kugusa kona ya soko. Nikajisemea, Sumaili, wewe huibi, wewe unalinda heshima ya mama wa watu. Mzunguko wa tatu nikaingia kichochoroni. Wa nne pia, wa tano pia. (Kwamba njia hiyo ilikuwa fupi niliona, siwadanganyi, lakini niliona kwa jicho moja.) Nilikuwa wa mwisho, nikawa wa nane, nikawa wa nne, na kengele ilipolia nilikuwa wa kwanza, na pale bendera Mzee Ramazani mwenyewe alikuwa amevua kofia anaipunga akipiga kelele, "Kaza, mutoto wangu! Kaza!" Mutoto wangu! Machozi yalinitoka huku napiga pedali.

Nililokuwa silijui ni kwamba kule sokoni mama mkwe alikuwa akihesabu wanaopita, na tangu mzunguko wa tatu hakuniona. Akadhani nimejibanza mahali nikingoja aondoke. Roho ikamuuma, akaona bora aondoke kimya kimya arudi nyumbani ili kijana wa watu akimbie kwa raha, na kwa kuwa hakutaka watu wamuone akiondoka, akapita kichochoroni.

Niliingia mle kwa kasi ya mtu anayeshinda. Nilimuona akiwa karibu mno, nikakata usukani, lundo la pamba lililosubiri kupimwa likanipokea, na mimi nikampokea yeye. Tukazama wote wawili. Nilipofumbua macho kichwa changu kilikuwa begani mwake, nikayafumba tena haraka. Yeye akajifunika uso kwa kikwembe, na chini ya kile kikwembe nikasikia maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia maishani: "We mutoto, kamata kinga yako, wende!"

Mkubwa akikuamuru, unatii. Nikaikamata kinga, yaani baiskeli yangu, nikaenda, nikatokea barabarani sambamba na Asumani, nikamshinda kwa nusu gurudumu. Watu wakaninyanyua. Mzungu wa posta alikuwa amekwisha kuishika ile taa, lakini akaiangalia pamba iliyojaa kichwani mwangu, kisha akaiangalia barabara, ambayo haikuwa na pamba. Wakati huo huo watu wa sokoni wakafika mbio, "Huyu hakupita kwetu! Tulimuona mara mbili tu!" Mzee Ramazani akageuka kwa hasira, "Munasema mutoto wangu iko mwizi?" Akaniangalia, "Sema, ulipita wapi?"

Ningesema uongo, yule mama asingenitaja, desturi yenyewe ingemfunga mdomo. Nilikifungua kinywa nikiwa na uongo tayari, na watu wakaanza kucheka kabla sijasema. Mama mkwe alikuwa amefika, amesimama nyuma ya wanawake wenzake akiwa ameupa umati mgongo, naye alikuwa mweupe kwa pamba tangu kilemba hadi kandambili. Basi nikasema yote, mbele ya Wazungu na Waswahili, kichochoro, lundo, na bega. Kicheko kile sijakisikia tena. Asumani alipewa taa, Mzee Ramazani akavaa kofia yake, akaondoka bila kuniangalia.

Wiki tatu sikumuona Mwamini. Kisha nikaitwa na wazee wake. Nikaenda na mbuzi wa kuondoa haya, bila kujua kama ni mbuzi wa kusamehewa au wa kuagana. Mzee Ramazani akasema kwa sauti ya uchovu, "Mutu aliiba njia, akamuangukia mama yake. Mimi nimupe binti yangu?" Ndipo sauti ikatoka chumbani, nyuma ya mkeka uliotundikwa mlangoni:

"Kuiba njia ni kosa lake, mbuzi iko pale. Lakini mwanzo, mbele ya watu wote, alishuka kwa ajili yangu mara mbili. Weye, baba Mwamini, ulishukaga mara ngapi kwa mama yangu?"

Mzee akajikuna shingo, akamwambia msichana wa kwanza aliyemwona, yaani binti yake mwenyewe, alete maji wageni wanawe mikono, maana mkwe aliyekubaliwa haondoki bila kula. Aliyeyaleta ni Mwamini, na akanitilia maji mikononi mpaka bakuli likafurika, hakuna aliyemwambia basi.

Tangu siku ile sijashindana tena kwa kuzunguka, nimeapa, hata kuzunguka nyumba nazunguka polepole. Na nyinyi mnaoanza, hewa ya magurudumu pimeni, mnyororo utieni mafuta, lakini kabla ya yote hayo tumeni mtu akaulize wakwe zenu watasimama kona gani.